Draiva Asiye na Leseni: Venye Jina Lako Husafiri Kutoka Kompyuta Moja Hadi Nyingine

Tuseme umepata kazi kwa shamba la maua kule Naivasha. Si ya kuchuma, ni ya ofisi, na umeanza Jumatatu. Msee wa HR amechukua kopi ya ID, amekupiga picha, amekupatia beji bado ina joto ya printa. Jumatano imefika na mlango bado haufunguki na hiyo beji. Barua pepe ya kazi haijatokea. Unauliza, unaambiwa, "Ngoja sistemu." Mwisho wa mwezi simu za wenzako zinalia tii, tii, mshahara umeingia, yako imenyamaza ka kanisa siku ya Jumatatu. Unauliza tena. "Ngoja sistemu."

Sasa huyu sistemu ni nani, na amelala wapi?

Mara nyingi aliyelala anaitwa draiva. Na hapana, sibongi kuhusu dere wa mathree ya Nakuru-Naivasha, huyo tayari ameshafika na anarudi. Nasema draiva wa programu: kipande cha programu ambacho kazi yake ni kubeba habari zako kutoka kwa kompyuta ya HR na kuzipeleka kwa zile zingine. Hana leseni ya PSV, hana beji, hana konda, lakini yeye ndiye anaamua kama unajulikana ama hujulikani.

Hii stori inakuhusu mara mbili. Kwanza wewe ni jina ndani ya hizo sistemu, kutoka chuo hadi hospitali hadi kwa laini ya simu. Pili, kuna wasee kibao wa Nax wanaosomea kompyuta Rift Valley National Polytechnic, Kabarak, Egerton, na siku moja utapelekwa atachi mahali, bosi akuambie "hebu tuwekee draiva," halafu aende zake lanchi. Ukiingia mtandaoni utapata kurasa za Kiingereza kizito mpaka kichwa kiume. Wacha tuifungue hapa polepole.

Steji kuu na miji yake

Fikiria steji za hapa town. Gari za Njoro ziko pahali pao, za Molo pao, za Nyahururu pao, za Naivasha pao. Msee wa Njoro akitaka kwenda Nyahururu, hakuna mtu anamtafutia gari ya moja kwa moja. Anashuka Nakuru, anapanda ingine.

Ofisi kubwa ni hivyo hivyo. HR ina daftari lake la watu. Mishahara ina lake. Barua pepe ina lake. Milango, zahanati ya kampuni, maktaba kama ni chuo, kila moja ina lake, na haya madaftari yaliandikwa na watu tofauti, miaka tofauti, hata hayasalimiani. Ukijaribu kuunganisha kila moja na kila ingine, sita tu zinakupa njia kumi na tano za kuchunga. Ndio watu wakaamua kuweka steji kuu katikati, daftari moja la utambulisho, na kila mji uwe na draiva wake mmoja wa kwenda na kurudi. Sita zinakuwa njia sita.

Wale waliofanya neno "draiva" lizoeleke kwa hii kazi ni Novell, kampuni ya Marekani. Miaka ya mwanzo ya 2000 walikuwa na programu inaitwa DirXML, halafu ikaitwa Identity Manager. Mwaka wa 2011 Novell ikanunuliwa na Attachmate, 2014 Micro Focus ikachukua, 2023 OpenText ikachukua Micro Focus. Yaani programu ya kuchunga utambulisho wa watu imebadilisha wazazi kuliko mtoto wa soap ya Kifilipino. Programu za kampuni zingine huita kitu hicho hicho konekta. Usichanganyikiwe na jina, kazi ni moja.

Draiva ana barabara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ile inayotoa habari kwa mji na kuleta steji inaitwa Pablisha. Ile inayotoa habari steji na kupeleka kwa mji inaitwa Sabskraiba. Majina yanapiga watu chenga hadi ujue yametolewa upande wa mji: mji ukitangaza habari zake, hiyo ni Pablisha, mji ukipokea, hiyo ni Sabskraiba. Kwa barabara zote mbili kuna masharti yanayokagua kila mzigo, na kwa Kiingereza sharti kama hilo ni policy. Ukilisema haraka unapata polisi, na kazi ni hiyo tu: kusimamisha gari, kuangalia imebeba nini, kuiachilia ama kuirudisha. Tofauti ni kwamba hawa hawataki ya chai.

Nani mwenye hiki kitu?

Kabla hujabonyeza chochote, kaa chini na karatasi. Kweli, karatasi. Andika kila kitu kinachojulikana kuhusu mfanyakazi: majina, namba ya ID, namba ya kazi, cheo, simu, barua pepe, tarehe ya kuanza, tarehe ya kutoka. Kando ya kila kimoja andika ni daftari gani ndilo mwenyewe. Majina na tarehe ni za HR. Anwani ya barua pepe ni ya wasee wa IT. Simu? Hapo ndipo watu hukosana, juu HR wanaitaka, mishahara wanaitaka, na mfanyakazi mwenyewe amebadilisha laini wiki jana.

Kitu kimoja kikiwa na wenyewe wawili, umetengeneza vita. Huku wanaandika namba mpya, kule wanaandika ya zamani, draiva anabeba zote mbili kwa uaminifu, na inabaki ya yule aliyeandika mwisho. Kwa programu ya Novell kazi hii inafanywa na filta. Kwa kila kitu na kwa kila barabara unachagua moja kati ya nne: lingana, puuza, arifu tu, ama rudisha. Hiyo ya mwisho ni tamu sana. Msee mjanja akiingia kwa daftari la barua pepe ajiandike "Meneja Mkuu," na cheo ni cha HR, draiva anakipangusa na kurudisha "Karani" bila hata kumkasirikia.

Kuna ramani pia, hiyo inaenda chap chap. HR wameandika namba ya kazi kwa jina moja, steji inaiita workforceID, mishahara wanaiita kitu kingine kabisa. Unamwambia draiva hiki ni kile, unaendelea.

Wewe ni yule Jebet ama huyu Jebet?

Hapa ndipo pesa iko, na ndipo watu huumia. Draiva akileta mtu steji, swali la kwanza ni: huyu tunamjua ama ni mgeni? Hiyo inaitwa kulinganisha, na sheria yake anaiandika binadamu. Pengine binadamu mwenyewe ni wewe, uko atachi mwezi wa pili.

Majibu ni matatu. Asipopatikana anayefanana, draiva anatengeneza mtu mpya. Akipatikana mmoja, anawafunga pamoja na kuweka alama, kama tiketi, ili safari ijayo asiulize tena. Wakipatikana wawili ama zaidi, draiva aliyepangwa vizuri anakataa na kupiga kelele, juu hawezi kubahatisha.

Wasee wengi wakiambiwa waandike hiyo sheria wanakimbilia majina. Kwa Rift Valley ya kati hiyo ni kutafuta ngori. Chukua Jebet. Shuleni alikuwa Jebet, lakini aliyemwandika kwa ID alizoea matamshi ya Kericho akaandika Chebet. Jepkosgei na Chepkosgei, Jerotich na Cherotich, hayo ni majina yale yale kwa midomo ya pande tofauti za Bonde, na kompyuta haijui hilo. Kwake J na C ni watu wawili. Kuna Chirchir ambaye kwa cheti cha kuzaliwa ni Kipchirchir. Kuna dem aliyeolewa akabadilisha jina la mwisho kwa ID lakini kwa KRA bado ni la baba. Halafu geuza upande wa pili: nenda Molo, Bahati ama Subukia uite "John Kamau" pale sokoni, uone wangapi watageuka. Kwa majina, draiva atamgawanya mtu mmoja awe wawili, na atawashona watu wawili wawe mmoja. Ya pili ni mbaya zaidi. Mshahara wako unaenda kwa yule John mwingine, na madeni yake yanakuja kwako.

Namba ya simu? Laini ikilala muda mrefu inarudishwa sokoni na kuuziwa mtu mwingine. Ukilinganisha na simu, aliyenunua laini yako ya zamani ndiye wewe.

Namba ya ID iko poa, lakini angalia mambo mawili. Kwanza, kadi ina namba mbili, namba ya ID na namba ya msururu, na watu kila siku wanajaza ile siyo. Pili, ID inatolewa ukiwa na miaka 18, na kuna freshaz wanaingia chuo na 17. Hao wanakuja na namba ya cheti cha kuzaliwa, ama UPI, ile waliyopewa shuleni wakati NEMIS ilianza 2017. Kwa hivyo sheria nzuri haitegemei kitu kimoja. Inaanza na namba ya kazi ama ya usajili wa chuo. Ikikosa, namba ya ID pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ikikosa hiyo pia, isibahatishe na majina: imweke huyo mtu pembeni, binadamu amwangalie. Najua bosi hataki kusikia "binadamu amwangalie," anataka kila kitu kijiendeshe. Mwambie tu ni watu wachache kwa mwezi, na ni rahisi kuliko kulipa John asiye wake.

Serikali nayo imekuwa ikipigana na hili swali kwa kiwango cha nchi nzima. Kuna IPRS, steji ya serikali ambayo inakusanya habari za vizazi, vitambulisho, pasipoti na wageni, na ndiyo benki na kampuni za simu huuliza wakitaka kujua kama ID yako ni ya kweli. Mwaka wa 2019 tukapanga foleni za Huduma Namba, namba moja ya kila mtu. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi zake zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu hawakufanya tathmini ya athari kwa data za watu jinsi Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Mwaka wa 2023 ikaja Maisha Namba, nayo ikapelekwa kortini. Unaweza kucheka, lakini swali wanalotaka kulijibu ni lile lile la Jebet: tutajuaje huyu ni yule?

Na kuna wasee waliolipia hili swali na ujana wao. Miaka ya ukame, familia za Wakenya huko Garissa na kaunti jirani ziliandikisha watoto wao kambini Dadaab kama wakimbizi, ili wapate chakula na matibabu. Watoto wakakua. Wakifika 18 wakaenda kuchukua ID, alama za vidole zikapatikana kwa rejista ya wakimbizi, na kompyuta ikasema hawa si Wakenya. Maelfu wakakaa miaka bila ID. Bila ID hakuna kazi ya maana, huna laini kwa jina lako, huna akaunti ya benki. Angalia vizuri kosa lilikuwa wapi. Kulinganisha kulikuwa sawa, kidole ni cha mtu yule yule kweli. Kilichokuwa kibaya ni sheria iliyofuata: ukipatikana kule, basi huku hutakiwi. Hiyo haikuamuliwa na mashine.

Ukishapita hapo, yanayobaki ni mepesi. Sharti la kutengeneza linasema mtu mpya lazima awe na nini ndio akubaliwe, mfano jina la mwisho na namba ya kazi. Akikosa, anabaki steji hajapanda. HR wakijaza kile kilichokosekana, draiva anamwona tena na kumjaribu upya kama mgeni. Yule msee wa beji isiyofungua mlango, cheki kwanza kama HR aliacha kisanduku kimoja wazi. Halafu sharti la mahali, yaani mtu wa Naivasha akae kwa folda ya Naivasha, wa Njoro kwa ya Njoro. Hiyo ni dakika kumi.

Sasa kaa kwa kiti

Kwa programu ya Novell unafanya kazi kwa Designer, chombo kinachokaa kwa kompyuta yako, hadi uridhike, ndio upeleke kwa seva. Unachagua aina ya draiva kulingana na mji: kuna wa Active Directory, wa LDAP, wa hifadhidata, hadi wa faili la kawaida la maandishi. Unampa jina linaloeleweka. Tafadhali, si "Draiva Mpya 2."

Kama mji wenyewe uko kwa mashine nyingine, unaweka Remote Loader huko. Huyo ni wakala wa draiva kwenye steji ya mbali, na kwa kawaida husikiliza kwa poti 8090. Hapa atachi wengi hukwama kutwa nzima, juu kuna paswadi mbili na wao wanadhani ni moja: moja ya Remote Loader, na moja ya draiva mwenyewe. Kila upande unahakikisha mwenzake si tapeli. Zote mbili lazima zifanane huku na kule.

Kisha draiva anahitaji ruhusa. Mpe mtumiaji wake maalum mwenye haki za kufanya kazi yake tu, usimpe funguo za nyumba nzima kwa sababu umechoka na ujumbe wa makosa. Na watoe maadmini nje ya safari zake. Programu yenyewe itakuuliza hilo, na watu hubonyeza "endelea" bila kusoma. Siku draiva atapata faili ambalo halina jina la admini, atadhani ameacha kazi, amfungie nje, na sasa nani atafungua?

Usimwashe ajiendeshe siku ya kwanza. Mweke kwa kuwashwa na mkono. Tengeneza mtu mmoja wa bandia kwa HR, washa draiva, weka kiwango cha kumbukumbu kiwe 3 ili uone kila hatua, na ufuate huyo mtu kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Badilisha jina lake. Mpandishe cheo. Mfute kazi. Akipita yote, mlete wa pili ambaye anafanana naye majina kimakusudi, uone kama draiva atadanganyika. Halafu ndio ulete wale wa zamani kwa vikundi, na mwisho umweke ajiwashe seva ikiamka.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu hukuambia mapema: kumzima na kumfungia ni tofauti. Akiwa amezimwa tu, mabadiliko yanapanga foleni, na akiamka anayabeba yote. Ukimweka kwa hali ya kufungiwa, foleni haiandikwi. Mabadiliko ya hizo siku yanapotea, na itabidi ulinganishe kila mtu upya. Kwa hivyo wakati wa matengenezo, mzime, usimfungie.

Na steji ikizama, kila mtu anatembea kwa miguu. Uliona Julai 2023 eCitizen ilivyoshambuliwa na huduma kibao zikasimama pamoja. Kuweka kila kitu pahali pamoja kuna bei yake, na anayepanga draiva anafaa aijue. Mlango wa ofisi usikatae kufunguka juu seva ya katikati inapumzika.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia

Mimi niliacha chuo kitambo, na hadi leo hiyo sistemu yao inanitumia ujumbe nisajili masomo ya muhula. Kwao mimi bado mwanafunzi, tena mvivu. Nacheka, lakini fikiria hiyo akaunti yangu inaweza kuingia wapi, na fikiria kama ingekuwa ya mhasibu aliyefutwa.

Wafanyakazi hewa unaowasikia kwa ripoti za kaunti na wizara, wengine ni wizi uliopangwa. Lakini wizi hupenda pahali ambapo habari ya kutoka haisafiri: mtu amefariki ama amestaafu, HR wanajua, mishahara hawajui. Draiva mzuri anabeba tarehe ya kutoka haraka kuliko ya kuingia. Siku hiyo hiyo akaunti inafungwa kila mahali. Inafungwa, haifutwi. Ifutwe baadaye, baada ya miezi mlizokubaliana, juu kuna mtu atarudi kwa mkataba mpya, na kuna kesi itahitaji ushahidi.

Na weka breki. Kama draiva wako husoma faili zima la HR kila usiku, na usiku mmoja faili limekuja nusu, ataona nusu ya kampuni imeacha kazi. Mwambie: ukitaka kufunga akaunti zaidi ya idadi fulani kwa siku moja, simama, uliza mtu.

Hapa Bonde la Ufa habari ya kutoka ina historia chungu, wazee wanaijua. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kikebe chenye karatasi ya alama za vidole na kumbukumbu za kazi. Kutoka kwa shamba la setla mmoja hapa Nakuru kwenda la mwingine ulihitaji saini ya yule unayemwacha. Asiposaini, wewe ni mtoro, na unasakwa. Yaani ruhusa ya "huyu ametoka" ilikuwa kwa mkono wa mtu mmoja, na alijua hivyo. Kwa hivyo ukipanga nani anaweza kufunga akaunti ya nani, hakikisha si meneja mmoja mwenye hasira siku ya Ijumaa.

Ukitaka kujifunza, na ukitaka jina lako lirekebishwe

Kwa wale wa kujaribu: si lazima upate leseni ya OpenText. Kuna midPoint ya Evolveum, kampuni ya Slovakia, ni ya bure na kodi yake iko wazi, na wana kitabu kizima cha bure. Tafuta laptop yenye RAM 8, weka midPoint na OpenLDAP, andika faili la CSV la watu ishirini, wengine wanaofanana majina, na uanze kuwaunganisha. Tumia majina ya kubuni. Usichukue orodha ya wanachama wa chama cha mathako, hiyo ni data ya watu.

Kwa wale wengine, ambao mko kwa foleni: jina lako likiwa vibaya kwa SHA, kwa chuo ama kazini, swali la kuuliza dirishani ni, "Hili jina mnalitoa wapi?" Juu mhudumu akikurekebishia kwa daftari ambalo si mwenyewe wa jina, utatoka pale ukitabasamu, na usiku draiva atapita kurudisha lile la zamani. Utarudi wiki ijayo, naye ataapa alirekebisha, na hatakuwa anadanganya. Fuata hadi daftari la asili. Mara nyingi ni la ID ama cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo unaanzia, na stakabadhi zako mkononi.

Na wakikuzungusha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua wana nini kukuhusu na haki ya kurekebishiwa kilicho cha uongo, vifungu vya 26 na 40. Andika ombi, weka tarehe, baki na kopi. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Ofisi hiyo inatakiwa kuchunguza na kumaliza ndani ya siku 90, kwa hivyo siku ya kwanza ihesabu kuanzia ile utakayopeleka, si ile utakayokumbuka.